Mzee azeekee kwake, katikati ya watu wake: mwongozo kwa familia za Dar es Salaam

Watoto wengi wa Dar, tukishahamia kwetu Goba, Madale, Chanika au Kibada, wazo la kwanza ni kumtoa mama au baba kwenye nyumba ya zamani ya Temeke, Ilala, Magomeni au Kinondoni. Nia ni njema. Tunamwandalia chumba chenye choo ndani, kitanda kipya, televisheni na dada wa kumsaidia. Miezi michache baadaye mzee kanyamaza. Anakula kidogo, analala mchana kutwa, na kila akipiga simu mtaani anauliza nani kafiwa na maziko lini. Nyumba ina ukuta na geti, majirani wanatoka alfajiri wanarudi usiku, na hakuna anayejua kwamba huyu ndiye aliyekuwa akiitwa kila mke na mume wa mtaa ule wakigombana.

Mwongozo huu ni kwa familia ambayo mzee wake bado anaweza kukaa kwake, kwa msaada kiasi, na haitaki akae peke yake. Namhudumia mama yangu kwenye nyumba yake Kinondoni, na nimekaa na familia kadhaa za mtaani zikipanga jambo hilihili. Msimamo wangu ni huu: anza na watu, halafu nyumba. Fundi utampata wiki yoyote, lakini watu waliomzoea mzee kwa miaka arobaini huwezi kumtafutia wengine.

Kwanza, ijue wiki yake

Kabla hujaita fundi wala hujatafuta dada wa kazi, tenga siku mbili tatu ukae kwa mzee uone siku zake zinavyokwenda. Usimhoji kama karani wa sensa. Kaa naye akichambua mchele au akisubiri adhana ya alasiri, uulize kidogo kidogo. Leo kapita nani? Kikundi chenu bado mnakutana? Yule shoga yako wa mtaa wa pili mbona siku hizi simsikii?

Kisha chukua daftari, andika siku saba za wiki, na mbele ya kila siku uweke watu wanaomjia na mahali anakokwenda mwenyewe. Utashangaa orodha ilivyo ndefu. Kuna darsa la akina mama, jumuiya ndogondogo, kwaya, mchezo wa kupokezana hela na kijumbe anayezikusanya, kikundi cha kufa na kuzikana, kijiwe cha kahawa, bao, drafti chini ya mwembe, na ubishi wa Simba na Yanga ambao wazee wengine wameurithi kwa baba zao, maana Yanga ni ya mwaka 1935 na Simba ya 1936. Usidharau hata kimoja. Yule muuza kahawa anayepita na birika lake kila jioni akasimama dakika tano kwa baba yako ni mtu wa kuandikwa kwenye daftari.

Ukimaliza, zungushia duara kila kitu ambacho mzee alikuwa akikifanya mwaka jana na sasa hakifanyi. Kazi yako kubwa iko kwenye maduara hayo.

Tafuta kilichomfungia ndani

Hapa ndipo familia nyingi zinapopita haraka mno. Mzee akiacha kwenda kwenye jumuiya, tunasema “uzee huo” au “siku hizi hapendi watu.” Mara nyingi sana sababu ipo, ni ndogo, na yeye anaona aibu kuisema.

Masikio. Mtu asiyesikia vizuri huchoka kukaa kwenye kikao. Anacheka wenzake wakicheka, hajui wanachekea nini, mara ya tatu haendi. Mpeleke zahanati aangaliwe kwanza kama ni nta imejaa, kwa sababu hilo huondolewa kwa urahisi. Usijaribu kumchokonoa kwa njiti za pamba, unaisukuma ndani zaidi. Kama si nta, apimwe usikivu. Nyumbani, mkabili usoni unapozungumza, punguza redio, sema taratibu bila kupiga kelele.

Macho nayo. Mtoto wa jicho humfanya mtu aogope ngazi, aogope jioni, na asitambue nyuso za watu, halafu wanamwona ana maringo. Upasuaji wake ni mfupi na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku ileile. CCBRT pale Msasani na Muhimbili wanaufanya.

Nasisitiza masikio na macho kwa sababu nyingine. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet liliorodhesha mambo 14 yanayoongeza hatari ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kupunguzwa. Kutosikia vizuri yamo, kutoona vizuri bila kutibiwa yamo, na kukaa mbali na watu yamo. Mzee asiyesikia hukimbia watu, na akikimbia watu anajiongezea na lile la kukaa mbali nao.

Mkojo. Hili halisemwi, ila limewafungia ndani wazee wengi. Baba mwenye tezi dume iliyovimba, mama ambaye mkojo hautaki kusubiri: wote huhesabu umbali wa choo kabla ya kukubali mwaliko. Wengine wanaacha kunywa maji kabisa, na kwa joto la Dar la Desemba hadi Februari hiyo ni hatari, maana huleta kizunguzungu na kuchanganyikiwa. Mama aulizwe na binti au mkwe anayemwamini, baba aulizwe na mtoto wa kiume au mdogo wake. Nenda naye kwa daktari, kwa sababu mara nyingi kuna tiba. Huku tiba ikiendelea, jua choo kiko wapi pale anapokwenda, mwekee kanga ya akiba na pedi kwenye pochi, na muombe mwenyeji ampe kiti cha karibu na mlango.

Mchango. Kwenye kikundi kila mkutano una mchango, hata kama ni shilingi elfu moja. Mzee aliyezoea kutoa haendi mikono mitupu, na hatakwambia. Mpe hela ile mapema, mkononi mwake, bila mashahidi, aitoe yeye. Usimlipie kwa simu kwa kijumbe ukadhani umemsaidia, umemwondoa kwenye orodha ya wanachama ukamweka kwenye orodha ya wanaosaidiwa.

Meno yaliyong’oka, viatu visivyoingia kwa sababu miguu imevimba, gauni moja tu la kutokea: angalia na hayo.

Halafu kuna msiba. Wapo akina mama waliotoka eda ya miezi minne na siku kumi lakini hawakurudi tena kule walikokuwa wakienda, na wapo baba ambao mke alikuwa ndiye anayejua habari za mtaa wote. Alipoondoka, mlango ukafungwa. Mtu wa namna hii hahitaji hotuba ya “jitahidi mama.” Anahitaji mtu amfuate. Nenda kwa rafiki yake mmoja, mmoja tu, umwombe: Jumamosi mkienda, mpitie mama. Akikataa, mpitie na Jumamosi ijayo.

Ukiona anasahau njia ya nyumbani, anarudia swali lilelile au anakasirika bila sababu, mpeleke hospitali. Hayo ni maradhi kama presha ilivyo maradhi, na mwenye nayo si mchawi wala hajarogwa. Waambie wapangaji, mwenye duka na vijana wa bodaboda wa kijiwe cha karibu, ili wakimwona anapotea wamrudishe, na umshonee namba yako ya simu ndani ya nguo.

Nyumba: njia ya kitandani hadi chooni

Sasa fundi aje. Lakini fundi asianze na rangi wala dari. Mjue nyumba nyingi za wazee wetu ni zile za Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, kisha mlango wa nyuma unaotoka uwani ambako kuna jiko na choo. Hiyo safari ya usiku, kitandani hadi uwani na kurudi, ndiyo inayovunja nyonga.

Itembee mwenyewe saa nane za usiku, taa zimezimwa, miguu ikiwa na ndala za mzee. Utakayoyakuta ni haya: kapeti iliyokunjika kwenye mlango wa chumba, pikipiki ya mpangaji koridoni, kizingiti cha mlango wa nyuma kilichopanda juu kuliko unavyokumbuka, ndoo na madumu ya maji yaliyopangwa njiani kwa sababu maji yalikatika, kamba ya nguo usawa wa shingo, na ile sakafu ya uwani yenye utelezi wa kijani pale maji ya kuoshea vyombo yanapopita. Kila kimoja kina dawa yake na karibu zote ni za bei ndogo. Kapeti iondoke. Pikipiki ihamie upande mmoja, na mpangaji aelezwe sababu. Pembeni ya kizingiti fundi aweke zege la mteremko. Utelezi usuguliwe kwa brashi ngumu, kisha sakafu ipigwe saruji ya kukwaruza, isilainishwe. Ukitaka kuweka marumaru, chagua zile zisizoteleza. Zile zinazong’aa ni za sebuleni kwako, usimpelekee mzee chooni.

Sasa choo chenyewe. Choo cha kuchuchumaa si lazima kibomolewe. Fundi wa kuchomelea anatengeneza stuli ya chuma yenye tundu katikati, miguu minne mipana yenye raba chini, inayokaa juu ya tundu la choo. Mpime mzee kwanza: akikaa, nyayo zake zikanyage chini zote mbili. Ukutani funga bomba la chuma la kushikia, kwa boliti zinazoingia ukutani, si kwa misumari, maana ukuta wa tofali la saruji nyepesi unatoa msumari siku ile mzee anapouhitaji. Wewe mzito kuliko yeye uning’inie kwenye bomba hilo kabla hujamkabidhi. Na kama choo ni mbali, ndoo yenye mfuniko chumbani kwa ajili ya usiku haina aibu yoyote. Aibu itamtoka ukimzungumzia kawaida, na asubuhi imwagwe bila tangazo.

Taa ya kuchaji ikae mkono unapofika, kitandani, kwa sababu umeme unakatika na LUKU inaisha. Mzee mwenye dawa za presha akae ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla ya kusimama. Ndala zilizosagika zitupwe, atafutiwe viatu vya kukumbatia kisigino.

Kuanguka si jambo dogo: kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ni sababu ya pili duniani ya vifo vya majeraha ya bahati mbaya, baada ya ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Lakini hata asiyeumia, akishaanguka mara moja huogopa, akiogopa hatoki, asipotoka miguu inalegea, na huanguka tena. Ndiyo maana nimeuweka ufundi huu kwenye mwongozo wa kukaa na watu.

Mengine ndani ya nyumba yaache kama yalivyo. Kabati liko pale tangu watoto wadogo. Yeye analipapasa gizani akajua alipo.

Wapangaji na jirani ndio wa kwanza kufika

Wewe uko Bunju. Foleni ya Mwenge peke yake inakula saa nzima. Mzee akiteleza saa moja asubuhi, atakayemsikia ni mpangaji wa chumba cha mbele. Kwa hiyo wapangaji wa nyumba ya mzee wachaguliwe kwa jicho hilo. Ni afadhali kupokea kodi pungufu kidogo kwa mama mwenye watoto anayekaa nyumbani akikaanga maandazi kuliko kodi nono ya kijana asiyeonekana. Ukimpunguzia mtu kodi ili aangalie mzee, mwandikiane: anafanya nini, na nini si kazi yake. Kumgongea mlango asubuhi na kupiga simu kukiwa na jambo ni kazi yake. Kumwogesha si kazi yake.

Kisha weka utaratibu wa bipu. Mzee akiamka na kuswali au kusali, abipu kwako. Hupokei, unajua tu kaamka salama. Ikifika saa mbili asubuhi hujapata bipu, unapiga. Asipopokea, unampigia mpangaji. Asipopokea naye, jirani wa pili. Majina hayo matatu na namba zake yaandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi, ibandikwe nyuma ya mlango wa chumba chake, pamoja na namba ya dharura 112, ya zimamoto 114, dawa anazotumia, na hospitali anakotibiwa. Siku ya dharura hakuna atakayejua namba ya siri ya simu yako.

Mjumbe wa mtaa naye ajue. Nenda kwake, jitambulishe kama mtoto wa mzee fulani, umwachie namba. Wajumbe wengi wanafurahi kuona mtoto aliyekuja kabla ya msiba.

Usisahau chakula. Mzee anayekaa peke yake huishia kwenye chai na mkate, asubuhi, mchana na usiku, si kwa sababu hana hela bali kupikia mdomo mmoja kunachosha. Elewana na mama ntilie wa mtaani, au jirani mnayeaminiana, alete sahani ya mchana yenye mboga na maharage au samaki, ulipie kwa wiki. Bora zaidi ikiwa aliyeleta atakaa akila naye.

Rudisha baraza, na njia ya kutoka

Tazama mbele ya nyumba. Baraza iko? Au mlipoweka fremu ya duka na grili mliimaliza? Nyumba nyingi za mjini zimepoteza baraza namna hiyo, na mzee akapoteza mahali pa kusalimiwa. Kama nafasi ipo, weka benchi lenye egemeo na mikono ya kushikia, chini ya kivuli, mahali ambapo anayepita njiani anaonana naye uso kwa uso. Wazee waliorudi Magomeni Kota mwaka 2022, baada ya kota za zamani kuvunjwa na kujengwa maghorofa, wanahitaji kitu hichohicho chini ya jengo: benchi na kivuli, pamoja na vijana wa ghorofani wanaowapitia kushuka nao jioni. Anayekaa ghorofani na familia yake alipeleke hilo kwenye kikao cha wakazi.

Safari fupi za miguu zihesabiwe kuwa ni dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani yasiyopungua dakika 150 kwa wiki, na ya kujenga uimara wa kusimama angalau siku tatu. Kwenda msikitini na kurudi, au sokoni kununua mchicha, tayari ni sehemu yake. Akiwa nyumbani, asimame na kukaa kwenye kiti kigumu mara kumi, ameshika meza nzito.

Kwa safari ndefu, chagua dereva mmoja wa bajaji wa kijiwe cha karibu, mwenye subira, na umlipe kwa mpangilio: Jumamosi jumuiya, Ijumaa msikitini, tarehe fulani kliniki. Mwambie asipige honi akiwa getini, ashuke ampe mkono. Daladala apande katikati ya asubuhi watu wakishapungua, asiguse ile ya saa kumi na mbili. Mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni una faida yake kwa mwenye magoti mabaya: mlango wa basi na sakafu ya kituo viko usawa mmoja, hakuna kupanda ngazi. Shida ni msongamano, na hapo tena saa ndiyo kila kitu.

Masika yakikaribia, kabla ya Machi, angalia kichochoro cha kutokea. Matope yakimzuia kutoka hadi Mei, ni miezi mitatu bila kuonana na wenzake. Kifusi kidogo na mawe ya kukanyagia vinatosha. Kwa waliojenga mabondeni kuelekea Msimbazi, mpango wa pa kumpeleka mzee mvua zikizidi ufanywe jua likiwaka. Na miezi hiyo kikundi kihamie kwake: wao waje, wewe ulete chai na vitafunwa.

Abaki na kazi yake

Mtu anayepewa tu huanza kujiona mzigo. Dada wa kazi aelezwe siku ya kwanza kwamba yuko pale kusaidia mikono ya mama, asiifanye ikae bure. Kuchambua mboga, kukunja nguo, kuhesabu chenji ya duka, kuonja chumvi: hayo ya mama. Kukuna nazi kwenye mbuzi kunaumiza magoti, hilo achukue dada.

Nje ya jiko kuna kazi kubwa zaidi. Mama aliyekuwa kungwi ana mengi ya kuwaambia mabinti wa ukoo. Baba fundi cherehani bado anajua kitambaa kwa kukigusa, mpelekee kijana wa kujifunza jioni mbili kwa wiki. Mambo ya ukoo, kuanzia mahari hadi jina la mtoto na shamba la kijijini, yapelekwe kwake kwanza, hata kama unajua jibu. Kwenye kata kuna Baraza la Wazee. Uliza serikali ya mtaa linakutana lini, umpeleke. Tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, huwa kuna shughuli. Asiende kama mtazamaji, aende na baraza lake.

Kulea wajukuu ni kazi nzuri kwa kiasi. Watoto watatu wa chini ya miaka mitano kutwa nzima ni kumtumikisha, na mtu aliyechoka hivyo hana nguvu ya kwenda darsa.

Simu

Kwa wengi kitochi chenye vitufe vikubwa kinatosha. Mwekee namba za watoto kwenye vitufe vya kubonyeza kwa muda mrefu, umfundishe mpaka mikono izoee. Mwenye simu janja ataipenda WhatsApp kwa sababu ya ujumbe wa sauti, hata asiyesoma anaitumia; muunge kwenye kundi la ukoo, na wajukuu watume sauti badala ya picha za salamu za asubuhi. Bando liwe jukumu la mtoto mmoja.

Utapeli umezidi, na wazee ndio windo. Mfundishe mambo mawili tu ayashike: namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijiita wa kampuni ya simu, na ukiambiwa “mwanao kapata ajali, tuma hela,” kata simu umpigie mwanao. Ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” unapelekwa kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Bonyeza pia *106# kwenye simu yake uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Zisizo zake zifutwe. Atumie wakala mmoja anayemjua.

Kadi, dirisha na pensheni

Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo kwa kadi ya wazee, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Kadi inaanzia serikali ya mtaa: nenda na mzee au kitambulisho chake kwa mtendaji, au kwa afisa ustawi wa jamii wa kata. Usingoje augue. Kwa presha na kisukari, afuatilie kliniki ya karibu na nyumbani. Mwananyamala, Amana na Temeke ziwe za rufaa. Kadi wakati mwingine haileti dawa zote dirishani, hivyo mfuko wa familia uwe na akiba ya dawa.

Mstaafu wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ahakikiwe kwa wakati ili pensheni isisimame. Kaya maskini kweli iulizie mpango wa TASAF hapohapo mtaani. Hati ya nyumba ihifadhiwe, na mzee akiwa na akili timamu aandike wosia. RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanatunza wosia. Mzungumze hilo watoto wote mkiwepo, kwa sababu mzee anayesikia watoto wakinong’ona juu ya nyumba yake hulala vibaya.

Watoto mgawane, na dada apumzike

Kaeni kikao, hata kwa simu, mgawane kwa majina. Mmoja dawa na kliniki, mmoja fundi na LUKU, mmoja bajaji na michango ya vikundi. Aliye Mwanza au nje ya nchi asitume hela tu. Apewe saa yake ya kupiga, tuseme Jumapili saa kumi jioni, na asiikose. Zamu za kutembelea ziandikwe. Anayetembelea asishinde kwenye simu yake. Ampeleke mzee mahali pamoja palipozungushiwa duara kwenye daftari.

Dada wa kazi alipwe kwa tarehe, apate siku ya mapumziko kila wiki, na siku hiyo ndugu mmoja awepo. Dada aliyechoka ndiye anayemkaripia mzee, na mzee hatasema kwa hofu ya kuachwa. Fika mara moja moja bila taarifa. Mtazame mzee mikono, mtazame uzito, mtazame kama dada akiingia mama ananyamaza. Mama au binti wa ukoo anayelala pale siku zote naye anahitaji kupokewa zamu, hata kama hajaomba.

Hali ikibadilika

Rudini kwenye daftari kila baada ya miezi mitatu, na mara tu baada ya kuanguka, kulazwa au kufiwa. Akianza kuacha jiko linawaka, kutoka usiku akapotea, au mtu mmoja hawezi tena kumgeuza kitandani, kukaa na mpangaji peke yake hakutoshi. Mtoto ahamie kwake kwanza kabla ya kumhamisha yeye. Ikibidi kuhama, mtafutieni mahali ambapo bajaji ileile inaweza kumrudisha mtaani kwake Jumamosi, na msiwaage wenzake kwa niaba yake. Mzee asiye na ndugu kabisa, mpelekeni kwa afisa ustawi wa jamii. Serikali ina makazi ya wazee Nunge, Kigamboni, na hata kule vikundi vya mtaani alikotoka vinaweza kupanga siku ya kumtembelea.

Akilazwa na kuruhusiwa, kabla ya kununua godoro jipya mpigieni kijumbe wake, imamu au mwenyekiti wa jumuiya yake, mwambie anatoka lini na anaweza kupokea wageni saa ngapi. Panga viti vinne barazani, na mmoja wenu abaki nyumbani wiki hiyo kupika chai.